Bafta ya Mguu wa Mama

Nesi alitokeza kichwa mlangoni akauliza, "Mwenye mgonjwa wa kitanda cha tisa ni nani?" Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Mjomba alikuwa pembeni yangu, lakini yeye alinisukuma mbele, maana mjomba ni hodari wa kuamua na mvivu wa kutia sahihi. Nesi aliweka fomu juu ya rafu ya vifaa, akanionyesha kwa kucha mahali pa jina langu, uhusiano wangu na mgonjwa, na mstari wa chini kabisa.

Kwenye kitanda cha tisa alilala mama yangu. Fomu ilisema kwamba ninakubali akatwe mguu wa kulia. Na mama yangu, aliyekuwa hatua ishirini kutoka pale tuliposimama, akili zake timamu, akiongea na jirani yake wa kitanda cha kumi kuhusu bei ya nazi, hakuwa na habari yoyote.

Ilikuwa Jumatatu mchana. Nusu saa kabla, daktari alikuwa ametuita mimi na mjomba mwisho wa korido. Alikuwa kijana, macho mekundu ya kutolala, anaongea taratibu kama mtu aliyekwishasema maneno yale mara nyingi na bado hayapendi. Sukari imeharibu mishipa, alisema. Vidole viwili vimeshakufa na usaha unapanda. Akainama, akaweka ukingo wa kiganja chake kwenye suruali yake mwenyewe, chini kidogo ya goti. "Tukiwahi tunakata hapa. Goti likibaki, mguu wa bandia ataumudu. Nimemweka Jumatano asubuhi. Tukichelewa siwezi kuahidi goti, na tukichelewa zaidi siwezi kuahidi mama." Kisha akauliza kama mgonjwa mwenyewe ameelewa hali yake.

"Hilo tuachie sie, dokta," mjomba alisema. "Ni mambo ya kifamilia."

Daktari alinitazama mimi, akangoja. Nilitazama viatu vyangu. Akaitwa wodi nyingine, akaondoka.

Lazima niseme kwa nini tuliogopa kumwambia, nisije nikaonekana mkatili kuliko nilivyo. Mama yangu ni mwosha. Ukifiwa na mwanamke pale Tandika, kwenye mitaa inayouzunguka msikiti wetu, ataitwa yeye na shoga yake mmoja waje wamwoshe na kumvisha sanda. Kazi hiyo ameifanya tangu mimi niko shule ya msingi. Mwaka uliotangulia alikatwa mguu jirani yetu mmoja, naye kwa sukari hiyohiyo, na mama alipotoka kumjulia hali aliketi kibarazani, akavua viatu, akatuambia mimi na mjomba bila hata kutuangalia: "Mie msinikate. Nirudi kwa Mola wangu nilivyoumbwa." Hakuwa anatania. Mama hutania kuhusu mambo mengi, mwili si mojawapo.

Ndiyo maana kidonda alikificha. Kilianza kama lengelenge la kiatu kipya cha harusini, akakikanda kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa na kunyamaza. Mimi naishi Madale, upande wa pili wa mji, nafundisha huko, na kwa mama nilikuwa nikifika mara moja kwa wiki mbili, nikijidanganya kwamba simu za kila siku zinatosha. Kwenye simu kidonda hakinuki. Nilipokuja kukiona kilikuwa na wiki tatu.

"Ukimwambia atakataa," mjomba alininong'oneza pale koridoni. "Na akikataa tutamzika. Unataka kumzika mama yako? Akiamka ameshakatwa, atalia, atatununia, atazoea. Akifa hatazoea."

Niliona ana akili sana. Woga una namna yake ya kumfanya mjomba yeyote aonekane ana akili.

Nilipochukua kalamu, nesi aliniuliza swali ambalo hadi leo nalisikia nikiwa naosha vyombo. "Mgonjwa anajua, eeh dada?"

"Anajua," nikasema.

Mimi ni mwalimu. Wasichana wa darasa langu wakija kuchanjwa shuleni, naandika barua kwa wazazi, na barua isiyorudi na sahihi mtoto hachanjwi, hata akilia. Niliwahi kumgombeza baba mmoja mbele ya mwalimu mkuu kwa kutia sahihi bila kusoma. Mkono huohuo niliomnyooshea kidole baba yule ndio ulioandika jina langu, na kwenye uhusiano ukaandika "mtoto". Herufi zilitoka kama za mtu mwingine.

Mama nilimwambia Jumatano wanamsafisha kidonda.

"Kusafisha tu?"

"Kusafisha tu, mama."

"Mbona nipelekwe chumba cha upasuaji?"

"Ili usisikie maumivu."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Aliniamini, au alitaka kuniamini, sijui. Kisha akavuta khanga juu, akautazama mguu wake uliofungwa bandeji kuanzia kifundoni, na muundi uliobaki wazi. "Umepauka huu," akasema. "Madaktari watasema kwetu hakuna mafuta. Hebu nipake."

Kwenye mkoba wake kulikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi. Nilimimina kiganjani, nikaanza juu gotini nikishuka. Mguu ulikuwa na joto ambalo mguu hautakiwi kuwa nalo. Kila mkono wangu ulipopita pale daktari alipoonyesha kwa kiganja chake, nilihisi nimelivuka jambo ambalo si langu kulivuka. Mama alikuwa amefumba macho, anafurahia. "Paka na nyuma," akasema. Nikapaka na nyuma. Nilitamani afe ghafla kabla hajajua nilichofanya, na papo hapo nikaogopa kwamba Mungu amenisikia.

Sasa kuna jambo la mguu wenyewe. Kwetu kiungo cha Mwislamu hakitupwi. Kikikatwa hufungwa kitambaa cheupe, kikachimbiwa na kuzikwa kwa adabu. Mjomba alijitwika jukumu hilo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akawahi. Huyu ni mtu ambaye harusini hufika sahani zinaoshwa. Lakini Jumanne saa mbili asubuhi alikuwa ameshasimama kwenye duka la nyuma ya msikiti, duka la bafta ya sanda, ubani na marashi, akiomba akatiwe mita mbili. Muuza duka akauliza nani kafariki. Mjomba akajibu kwamba hajafariki mtu, ni mguu wa dada yake. Aliona hakuna siri aliyoitoa, kwani mama yuko hospitali na duka liko Tandika.

Alichosahau, na angesahau mwanamume yeyote wa mtaa wetu, ni kwamba bafta ikikatwa kwa ajili ya mwanamke, muuza duka hapo hapo huwapigia simu waosha. Ndio utaratibu, wajiandae. Waosha ni wawili. Mmoja alikuwa kitanda cha tisa. Simu ikapigwa kwa wa pili.

Mchana wa siku hiyo, saa ya kuona wagonjwa, shoga yake mama akaingia wodini na chupa ya uji wa ulezi. Mwanamke mnene, mpole, baibui lake likinuka udi kama kawaida. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaanza kulengwa na machozi. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili.

"Pole shoga yangu. Pole kwa mguu. Mungu akupe subira."

Mama akatabasamu. "Nimeshapoa. Wanausafisha kesho."

"Kuusafisha?" Alinitazama mimi, kisha akautazama mguu, ambao ulikuwa pale pale shukani. Nilijaribu kumkonyeza, lakini kope zangu hazikunitii. "Kumbe bado? Mie nilijua wameshakata. Mbona kwa mzee wa duka bafta imeshachukuliwa, mita mbili."

Kuna ukimya wa wodi ambao si ukimya, kwani feni inazunguka, mtu anakohoa, na nje magari yanapiga honi. Ndani ya huo nilikuwa namtazama mama. Niliona tu vidole vyake vikijitoa taratibu kwenye mikono ya shoga yake. Kisha akamshukuru kwa uji. Akamuulizia wajukuu, akamwambia asichelewe gari, akamuaga vizuri kabisa. Adabu ile ilinitisha kuliko kelele. Nilijua zamu yangu inakuja.

"Kaa," mama akaniambia.

Nikakaa.

"Sahihi katia nani?"

"Mimi, mama."

"Lini?"

"Jana."

"Kabla hujanipaka mafuta au baada?"

"Kabla."

Nikaanza kujieleza, usaha, mishipa, mjomba kasema, tuliogopa utakataa, maneno yanatoka hovyo. Aliinua kiganja nikanyamaza.

"Mie nikimwosha maiti namwambia," alisema, sauti ya chini, haina hasira hata chembe. "Bibi, sasa nakugeuza ubavu wa kushoto. Bibi, sasa nakumwagia maji ya mwisho. Kama anasikia, kama hasikii, Mungu ndiye ajuaye. Namwambia kwa sababu mwili ni wake, mie nimekuja kusaidia tu. Sasa wewe. Mie niko hai. Nakutazama. Nakuuliza, kusafisha tu? Na wewe unaniambia kusafisha tu."

Akageukia ukutani. Niliita mama mara mbili tatu, hakuitika. Jirani wa kitanda cha kumi alijifanya analala. Niliketi pale mpaka mlinzi alipokuja kututoa, nikiutazama mgongo wake. Nililia njia nzima hadi Madale, na sikujali nani ananiangalia.

Jumatano asubuhi kitanda cha magurudumu kililetwa. Mama alimwambia aliyekisukuma, kwa upole, "Baba, rudi nacho. Mie sikatwi." Nesi wa Jumatatu akasogea, akashika faili, akanigeukia. "Dada, si ulisema anajua?" Nilijibu kwamba nilidanganya. Hakunigombeza. Aliandika kitu kwenye faili, akapiga mstari juu ya sahihi yangu, mstari mmoja tu wa wino, nami nikahisi umepigwa usoni.

Daktari alikuja mbio mbio kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Aliponiona hakusema mengi. "Nilikuuliza pale koridoni," alisema. "Nikakuacha unyamaze. Na mimi nina kosa." Siku yake ilikuwa imejaa, kulikuwa na majeruhi wa pikipiki wanasubiri, na mtu asiyekubali hapelekwi. Alisema atakuja kesho asubuhi mapema akae na mama mwenyewe.

Siku hiyo ya Jumatano sitaki kuikumbuka na ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Homa ilipanda. Mama alitetemeka chini ya blanketi mbili, jua la Dar likiwaka dirishani. Harufu ya mguu ilianza kufika kitanda cha saba. Nesi aliongeza dawa kwenye dripu na kukunja uso. Nilimletea maji, akayanywa bila kunitazama. Nilimwomba msamaha, akasema, "Nimesikia," basi. Niliona kwamba kwa kuogopa asife nimemfikisha mahali ambapo atakufa kweli, na atakufa hatusemeshani.

Saa tisa mjomba akanivuta nje. "Waambie wamchome sindano ya usingizi," alisema. "Alale, wamalize kazi. Wewe ndiye mwenye mgonjwa."

Ningependa kuandika kwamba nilimkatalia papo hapo. Nilifikiria. Nilisimama pale kwenye kivuli cha ukuta nikafikiria kwa dakika nzima nani wa kumwomba na nimwambieje. Nilipokataa haikuwa kwa sababu ya utu wema. Niliona tu macho ya mama yakifumbuka baada ya usingizi ule na kunitafuta, nikaogopa macho hayo kuliko nilivyoogopa kaburi lake. Nikamwambia mjomba akitamka tena neno hilo nitapiga kelele mpaka mlinzi aje. Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza, akaenda zake.

Alhamisi daktari alifika jua halijapanda. Alisema, "Shikamoo mama," akavuta kigoda, akakaa chini kiasi kwamba mama ndiye aliyekuwa anamtazama kutoka juu. Nilitaka kutoka. "Baki hapo usikie," mama alisema. "Ila usiongee."

Daktari alimweleza yote. Hakupunguza. Mama, midomo imekauka kwa homa, akaanza kuuliza, na maswali yake hakuna hata moja nililokuwa nimemuulizia mimi.

"Nikikataa?"

"Utakufa, mama. Siku ngapi sijui. Si nyingi."

"Kwa maumivu?"

"Tutajitahidi yasiwe makali. Siwezi kukuahidi."

"Mkinikata nitakuwa nasikia?"

"Tunachoma sindano mgongoni. Utakuwa macho, lakini chini hutasikia maumivu. Ukitaka usione, tunaweka pazia."

"Mguu ukishatoka anaushika nani?"

Daktari alisita. Nadhani hajawahi kuulizwa. "Nesi wa chumba kile. Ni mwanamke. Ataufunga, atawakabidhi ndugu zako."

"Hautachomwa na takataka?"

"Hautachomwa. Nitamwambia mwenyewe."

"Nitaswali vipi?"

"Hilo utaniambia wewe, mama."

Mama alicheka kidogo, cheko la kwanza tangu Jumanne. Kisha akauliza watamkata wapi, na daktari akashusha pumzi. "Jumatatu niliwaonyesha hapa." Kiganja kikagusa chini ya goti lake mwenyewe. Halafu kikapanda, kikasimama katikati ya paja. "Leo nafikiri ni hapa. Goti sidhani kama nitaliokoa. Samahani."

Mama alinitazama mara moja. Sikuona hasira. Ilikuwa kama mtu anayehakikisha kwamba umesikia alichokisikia yeye. Nilikuwa nimesikia. Goti lile lilikuwa lake Jumatatu, na Jumanne, na labda hata Jumatano alfajiri.

Aliomba aachwe peke yake. Tulisubiri nje, daktari akaenda kwa wagonjwa wengine, mimi nikahesabu vigae vya sakafu na kusahau hesabu. Karibu na adhuhuri akaniagiza nimwite. Fomu mpya ikaletwa. Nilifungua mkoba harakaharaka nikatoa kalamu yangu ya shuleni, nikamnyooshea.

"Nitatumia ya daktari," alisema.

Aliisoma fomu mstari kwa mstari, kwa sauti, akinyooshea kidole kila neno, kwa sababu shule aliishia darasa la saba na miwani ilikuwa nyumbani. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akaandika majina yake yote matatu, lake na la baba yake na la babu yake. Kwenye nafasi ya uhusiano na mgonjwa akauliza aandike nini. Nesi akamwambia aache wazi, akaacha wazi.

Walimkata alasiri ile, juu ya goti. Mjomba na wanaume watatu wa msikitini waliuzika mguu siku iliyofuata katika ile bafta ya mita mbili, ambayo ilitosha na kubaki. Mama alitoka hospitali baada ya wiki tatu. Ni mwaka wa pili sasa. Anatembea kwa magongo, na mguu wa bandia ulimshinda, kama daktari alivyotabiri, kwa kukosa goti. Kazi ya kuosha kwa mikono yake ameiacha, ila hupelekwa akaketi kwenye kiti pembeni na kuwaelekeza wanawake wadogo.

Tumepatana, tunacheka, narudi Tandika kila Ijumaa. Dawa zake lakini husomewa na mtoto wa jirani. Nikimletea kidonge mimi, hukipokea, hushukuru, hukiweka juu ya meza, na hamezi mpaka mtoto yule aje amsomee boksi. Hajawahi kusema kwa nini na mimi sijauliza.

Kitu kimoja tu nilimuuliza, mwezi uliopita, nikiwa namvisha soksi ya kigutu cha paja. Nilikuwa nimekibeba muda wote huo na nilikiogopa. Nilimuuliza kama ile Jumatatu ningemwambia ukweli, wakati goti bado lipo, angekubali.

Niliona anafikiri kweli, hanitafutii jibu la kunipoza.

"Sijui," akasema. "Ningeulizwa ningejua."